Pumzi Mahali pa Mkato

Almaty, 28 Juni 2004

Vissarion Petrovich,

Barua hii siipeleki posta. Nasema mapema ili mkono wangu usiogope. Nikiimaliza naiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza, halafu nakuandikia nyingine, ya kutuma.

Umeondoka wiki moja sasa. Kiti chako bado kipo upande wa pili wa meza, na ule mto wa kijani ulioushona mwenyewe kwa uzi mweusi kwa sababu ya ubishi, hukutaka nikushonee. Leo mkuu wetu Rinat Faridovich amepita, akauliza, "Kamshat Oralovna, hicho kiti tukitoe?" Nikamwambia kikitoka, nami natoka nyuma yake. Akaenda zake. Mkuu wa idara mzima, anamwogopa mama mnene mwenye miwani.

Nimekaa nikakumbuka mwaka wa tisini na tatu. Habari za masoko zilianza kumiminika kwenye shirika letu la habari kutoka London kwa Kiingereza, nasi tulitakiwa tuzitoe kwa Kirusi kabla chai haijapoa. Maneno hayakunisumbua. Namba ndizo zilizonitoa jasho. Mwingereza akitenga maelfu anaweka mkato, na akifika kwenye sehemu iliyo chini ya moja anaweka nukta. Kirusi kinataka kinyume chake: mkato kwenye sehemu, na kwenye maelfu usiweke kitu kabisa, acha nafasi nyeupe. Nilikuwa nazichanganya mpaka naziota. Ndipo wewe, uliyetoka kiwanda cha uchapaji ambako watu walisomeana kurasa kwa sauti, ukaniketisha ukasema, "Mmoja asome, mwingine asikilize na kuandika kwa mkono. Penye nukta ya Mwingereza tamka 'mkato'. Penye mkato wake usitamke kitu, vuta pumzi. Nikisikia pumzi, naacha nafasi. Nikiwa na shaka sikukatizi, nagonga meza kwa penseli mara moja." Miaka kumi na mmoja mimi nimevuta pumzi, wewe umeacha nafasi. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo, hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye nikimwambia chakula tayari alikuwa anauliza "eeh?"

Tarehe tatu Juni nilikuwa na karatasi ya hasara ya ile benki. Moja, nukta, mia tatu sabini na tano. Bilioni za tenge. Nilitakiwa kutamka mkato. Sikutamka. Nilivuta pumzi. Ukaandika ulichosikia: moja, nafasi, mia tatu sabini na tano. Bilioni moja na kidogo ikawa bilioni elfu moja na zaidi. Benki ikawa imepoteza hela ambayo haijapata kuwa nayo tangu izaliwe, na watu wakapanga foleni nje ya matawi yake, bibi mmoja akiwa na kigoda chake. Masahihisho tuliyatoa baada ya saa moja na dakika ishirini.

Rinat Faridovich alipouliza ni nani, ulisimama kabla sijafungua mdomo. Ukasema, "Ni mimi. Alitamka, sikusikia." Nikanyamaza. Nilidhani unanikinga, nikasema moyoni nitamshukuru jioni. Kumbe uliamini ulichosema. Jioni ile ukifunga mkoba ukaniambia, "Akili inaniaga, Kamshat Oralovna. Dakika ile dunia yote ilinyamaza, sikusikia kitu." Mimi nikanyamaza tena. Ile ya kwanza ilikuwa hofu, nimebakiza mwaka mmoja na nusu kufika pensheni. Hii ya pili sijui niiite nini. Baada ya wiki mbili wakakuandikia uzembe kwenye kitabu chako cha kazi, kile kinachomfuata mtu kila anakoajiriwa, ukachukua mkoba ukaenda.

Kwa nini nilivuta pumzi, hata humu siandiki.

Kamshat


Almaty, 28 Juni 2004

Mpendwa Vissarion Petrovich,

Salamu nyingi kutoka mjini. Umefika salama? Nyumba ya marehemu mama yako umeikutaje, paa lipo? Hapa ni joto tu. Ile sufi ya miti ya mipopla iliyokuwa ikiruka mitaani imekwisha, wamefagia, sasa watu wameacha kupiga chafya na kulaumiana kwa mafua.

Kazini kuna kelele za kawaida. Mto wako nimeufua. Mashono yako yamefumuka, nimeyarudia kwa uzi wa kijani, na ukitaka kununa, nuna huko huko. Simu umekataa kuweka, basi andika. Na usijitie mawazo kuhusu jambo lile. Yamepita.

Wako,
Kamshat Oralovna


Ushtobe, 15 Julai 2004

Mheshimiwa Kamshat Oralovna,

Paa lipo. Linavuja sehemu mbili, nami nimeweka ndoo mbili, kwa hiyo tuko sawa. Mto Karatal uko chini mwaka huu. Zamu yangu ya maji ya mfereji ni Jumanne na Ijumaa, nikichelewa kufungua, jirani yangu Zoya anasimama kwenye ua na kunitangazia mji mzima: "Vissarion, vitunguu vyako vinakufa na wewe unasoma!" Ni mwanamke mwema. Ananiletea tambi baridi za kuksi na karoti za pilipili, kisha anakaa kuangalia kama nazimaliza.

Uliandika nisijitie mawazo. Nashukuru. Lakini umenijua kuwa mtu wa utaratibu, kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu. Kila asubuhi najipima. Natoka mlangoni hadi kwenye mfereji nikihesabu hatua: mia moja arobaini na mbili. Juzi zilikuwa mia moja arobaini na nne. Nimebandika karatasi kwenye birika, kwenye jiko, kwenye mlango: "zima", "funga", "umekwisha kula". Zoya ananicheka, anasema hata mbuzi wake hawana maandishi mengi hivyo.

Yeye hajui. Wewe nakwambia. Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza alisahau chumvi, halafu akasahau jina la mto, na mwisho akawa ananiita "bwana", ananiomba kwa adabu nimrudishe kwa mwanawe. Alikufa hanijui. Nilimlisha miaka minne katika chumba hiki ninachokuandikia.

Ile dakika ya tarehe tatu Juni naikumbuka vizuri, jambo ambalo ni la ajabu. Haikuwa giza. Ilikuwa kama kusimama nje theluji inapoanguka, kila kitu kimetulia. Na nikuambie ukweli, haikuniuma. Ilikuwa na utamu. Ndiyo maana naiogopa. Labda mama naye alikwenda hivyo, akifuata utamu.

Mpwa wangu Artur anasema Taldykorgan kuna nyumba nzuri ya wazee, ina bustani. Namsikiliza.

Kwa heshima,
V. P. Ogai


Almaty, 2 Agosti 2004

Vissarion Petrovich,

Nyumba ya wazee? Wewe una miaka sitini na moja. Baba yangu kwa umri huo alioa. Mwambie Artur akitaka bustani akalale yeye.

Hatua mia moja arobaini na nne ni kwa sababu umepungua kwa kula tambi baridi. Mtu mwembamba hatua zake ni fupi. Ungekuwa hapa ningekukaangia maandazi yetu ya baursaki, ungeenda kwa hatua themanini.

Sikiliza. Labda ulisikia sawasawa siku ile. Mtu anaweza kusikia sawasawa na kosa likawa mahali pengine. Umewahi kulifikiria hilo? Lifikirie, lakini polepole.

Habari ya hapa: wanatuletea programu ya kompyuta ya kugeuza namba. Inakula Kiingereza huku, inatapika Kirusi kule, nukta inakuwa mkato, mkato unakuwa nafasi, hakuna wa kusoma wala wa kusikiliza. Wiki hii wameijaribu. Tarehe ya mkutano wa wenye hisa imegeuzwa kuwa asilimia. Rinat Faridovich anasema itajifunza. Nami nasema hata wewe ulijifunza, lakini wewe ulikuwa na macho mazuri.

Usitie saini chochote.

Kamshat Oralovna


Ushtobe, 23 Agosti 2004

Mheshimiwa Kamshat Oralovna,

Nimelifikiria polepole, kama ulivyoagiza. Nimeona kuwa unanifariji. Una moyo mwema, na wenye moyo mwema huwa hawajui kudanganya. Kwenye barua yako nimeona kalamu imesita pale pale. Usijisumbue. Miaka kumi na mmoja hukuruka mkato hata mmoja. Mimi nimekusikiliza kuliko nilivyosikiliza kitu chochote duniani, na ikibidi nichague kati ya masikio yangu na ulimi wako, nachagua ulimi wako. Hilo nililiamua siku ile nikiwa bado nimesimama mbele ya Rinat Faridovich. Sijabadilika.

Jumapili nilisahau birika motoni. Karatasi niliiona, nikaisoma, nikaona "zima", nikasema ni kweli, nikaenda bustanini. Zoya ndiye aliyelizima jiko. Hakunicheka safari hii.

Kwa hiyo nimeamua. Tarehe mosi Oktoba Artur anakuja na mwandishi wa mikataba. Nyumba inauzwa, mimi naenda Taldykorgan wakati bado najua ninakokwenda. Redio nimempa Zoya. Kitu kimoja tu sijui pa kukiweka, nacho ni madaftari yangu ya kusikilizia, yote arobaini na manne. Nakutumia. La mwisho sijalifungua tangu Juni, wala sitalifungua. Yaweke tu mahali pakavu.

Nashukuru kwa sauti yako. Huku hakuna anayesoma namba, nami nakumbuka jinsi ulivyokuwa unavuta pumzi kwenye mamilioni.

Wako kwa heshima,
V. P. Ogai


Almaty, 12 Septemba 2004

Vissarion Petrovich,

Kaa chini kwanza. Zima birika.

Madaftari yamefika, nimelifungua la mwisho. Tarehe tatu Juni, mstari wa tisa. Umeandika moja, nafasi, mia tatu sabini na tano. Umeandika hivyo kwa sababu mimi nilisoma hivyo. Mkato haukutamkwa. Nilivuta pumzi mahali pa mkato, ukaiandika pumzi yangu kama ulivyoniandikia pumzi zangu zote. Masikio yako ni mazima. Akili yako ni nzima. Ulimi ulioamua kuuamini ndio uliokosea.

Nilijua tangu dakika ile ile. Ulipojitaja mbele ya mkuu nilijua, na jioni ulipofunga mkoba nilijua, na barua zako zote nimezisoma nikijua. Nilipoona umeandika habari za mama yako niliikunja barua nikaitia mfukoni nikaenda nayo hadi sokoni na kurudi, nikidhani nitaanza kuandika nikifika nyumbani. Nikafika nyumbani nikakuandikia mizaha ya baursaki. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka wewe ukawa unauza nyumba.

Niliogopa kufukuzwa. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Kubwa ni kwamba ningekwambia ungeniuliza kwa nini, kwa maana wewe ni mtu wa kuuliza kwa nini. Nilikuwa natazama kitu. Usiniulize nini.

Birika la Jumapili lisikutie hofu. Mimi nimeunguza mabirika matatu mwaka huu na hakuna aliyeniita mgonjwa. Mtu anayejiwinda mwenyewe kutwa nzima lazima atajikamata kwa kosa fulani.

Usiuze nyumba. Nichukie, lakini usiuze nyumba.

Kamshat


Almaty, 24 Septemba 2004

Vissarion Petrovich,

Siku kumi na mbili, hujajibu. Sidai jibu. Naandika kukuarifu tu.

Jana nilipiga moyo konde nikaingia kwa Rinat Faridovich na daftari lako na karatasi ya Kiingereza ya siku ile, niliyokuwa nimeifungia mezani. Nikaviweka mbele yake, nikamsomea mstari wa tisa kama nilivyousoma Juni, na kisha kama ulivyotakiwa usomwe. Akavua miwani. Akasema, "Kamshat Oralovna, kwa nini unaniambia sasa, mambo yamekwisha?" Nikamwambia kwa Ogai hayajaisha.

Ameandika barua ya kufuta lile neno kwenye kitabu chako cha kazi, nakala nimeiweka humu. Kuhusu mimi amesema hawezi kumfukuza mtu wa mwisho anayejua kazi, lakini programu inaanza rasmi mwaka mpya na meza yetu haitakuwepo. Nitaondoka tarehe thelathini na moja Desemba. Pensheni bado mwaka. Nitasomesha watoto wa jirani Kiingereza, sitakufa.

Tarehe mosi Oktoba ni Ijumaa ijayo. Zamu yako ya maji. Nenda mferejini, mwache mwandishi wa mikataba asubiri.

Kamshat


Ushtobe, 2 Oktoba 2004

Kamshat Oralovna,

Toka tarehe tatu Juni mpaka ulipoandika ukweli, miezi mitatu na siku tisa. Nimezihesabu, kwa kuwa sasa naruhusiwa kuamini hesabu zangu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Sikujibu kwa sababu nilichokuwa nacho kinywani hakikufaa kuandikwa kwa mwanamke. Nilitoka nikalima. Nililima sehemu ambayo nilikuwa nimekwisha kuilima. Zoya akanitazama juu ya ua asiseme neno, nawe sasa unajua hilo si jambo dogo kwa Zoya.

Unajua ulichonifanyia? Nilikuwa nimeshampata mama yangu ndani ya kichwa changu. Nilikuwa nimekaa naye kila asubuhi, nikijiuliza ni siku gani nitaanza kuwaita watu "bwana". Nilijizoeza majina. Jioni nilijitajia mito: Karatal, Ili, Aksu, Lepsy. Nilikutaja na wewe, ili nione utakuwa wa ngapi kupotea. Na wewe ulikuwa Almaty unaongeza chumvi kwenye baursaki zako, unajua.

Artur alikuja jana na mwandishi wa mikataba na kalamu nzuri. Nilikuwa mferejini, nilikuwa na zamu ya maji. Walingoja saa mbili. Nilirudi nikawaambia nyumba haiuzwi, nikawapa kitunguu kilo kumi kila mmoja ili wasirudi mikono mitupu. Karatasi nimezibandua zote isipokuwa ya birika. Birika nalisahau kweli.

Nakala ya Rinat Faridovich nimeipata. Ahsante kwa hilo.

Usiniandikie kwa sasa. Sijui "sasa" ni ndefu kiasi gani.

V. P. Ogai


Ushtobe, 30 Januari 2005

Kamshat Oralovna,

Kifurushi chako cha Novemba kilifika, daftari la mwisho peke yake, bila barua. Umetii. Sikujua unaweza kutii.

Liliwekwa juu ya kabati wiki sita. Theluji imeanguka sana mwaka huu, nyumba imekaa kimya, na siku moja mchana nikajikuta nimelishusha. Nilitaka kuuona mstari wa tisa kwa macho yangu. Nikauona. Kisha nikaona jambo ambalo wewe hukuliona, kwa sababu si wewe uliyeandika.

Nafasi zangu ni sawa zote. Huo ni ufundi wa kiwandani, mkono haukosei. Nimezipima kwa punje ya mchele, na usicheke, nilikuwa peke yangu. Kila nafasi katika daftari lile inaenea punje moja. Ya mstari wa tisa inaenea punje tatu.

Nikakaa nayo siku nzima. Mkono wangu ulisimama pale, Kamshat Oralovna. Ulikuwa unangoja. Nilikuwa nimeshasikia kuwa pumzi ile haikuwa ya maelfu. Pumzi zako za maelfu nazijua, hii ilikuwa nyingine. Nilijua kuna neno linakuja. Sheria ilikuwa kugonga meza kwa penseli. Sikugonga. Niliinua macho nione kwa nini neno haliji, nikakuta unanitazama.

Hapo ndipo dunia iliponyamaza. Ile theluji, ule utamu niliokueleza Julai, nikaukimbia mpaka Ushtobe nikidhani ndio ugonjwa wa mama yangu. Haukuwa ugonjwa. Nimefika umri wa miaka sitini na moja bila kujua kitu hicho kinaitwaje, nikataka kukipeleka kwenye nyumba ya wazee.

Kwa hiyo kosa ni letu sote. Sifuri mkato tano lako, sifuri mkato tano langu. Hasira yangu nimeigawa vivyo hivyo, na nusu yangu nimekwisha kuimaliza kwa jembe.

Sasa ya kazi. Gazeti la wilaya limenipa ukurasa wa bei za mazao. Bei zinatoka Almaty zikiwa zimepitia mashine yenu. Jumatatu iliyopita kilo ya kitunguu iliuzwa kwa tarehe kumi na mbili Machi. Mhariri hakuona, Zoya ndiye aliyeona, akaja kuuliza kama asubiri Machi. Nahitaji msomaji. Mshahara ni mdogo, unalipwa nusu kwa hela na nusu kwa mchele. Chumba cha mbele kina jiko zuri, paa nimeliziba, na Zoya amekubali kuhamisha mbuzi.

Uliniambia nisiulize ulikuwa unatazama nini. Nimevumilia miezi minne. Kamshat, ulikuwa unatazama nini?

Vissarion


Almaty, 8 Februari 2005

Vissarion,

Umeniita jina langu tupu, bila la baba. Nimeusoma mstari ule mara nyingi kuliko ulivyopima mchele wako.

Meza yetu wameichukua tarehe ya mwisho ya mwaka, kiti chako nimekibeba mimi. Nilikiburuta mtaani kwenye barafu, watu wakanipisha. Nimekata tiketi ya Jumamosi ya wiki ijayo, ili barua hii initangulie. Treni inasimama kwenu dakika tano tu, kwa hiyo ujue: nakuja na sanduku moja, kiti kimoja, na madaftari arobaini na matatu. Uwe jukwaani, na usilete hesabu za hatua, leta mikono.

Swali lako najibu. Dirisha lilikuwa wazi siku ile, na sufi ya mipopla ilikuwa inaingia. Moja ilikuja polepole juu ya meza, ikakuzunguka, ikatua kwenye nyusi yako ya kushoto. Wewe hukuihisi, ulikuwa unanisikiliza. Nilikuwa nimeshatamka ile 'moja' ya hasara, nikataka kunyoosha mkono niitoe. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kukugusa hata kidole. Nikavuta pumzi ya kujikaza, kisha nikaendelea na mia tatu sabini na tano.

Ilikaa pale mpaka adhuhuri. Wakati unasimama mbele ya Rinat Faridovich kusema ni wewe, bado ilikuwa pale.

Kamshat